Bei ya Binti wa Chuo cha Ufundi

"Na mtoto amesoma mpaka wapi?" aliuliza Puang Mappiasse, huku akifungua barongko yake ya tatu, ile ndizi ya kupondwa inayopikwa ndani ya jani.

Alikuwa anajua. Upande wa mwanamume hauji kuposa bila kupeleleza, na huyu mzee, tunayemwita Puang kwa heshima, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo mfukoni. Lakini huku kwetu Bone swali hilo lazima liulizwe kwa sauti mbele ya watu, kwa sababu hapo ndipo bei inapoanzia. Msichana aliyeishia sekondari ana bei yake. Wa diploma ana yake. Wa shahada ana yake, na akiwa na shahada ya pili baba yake hutembea kifua mbele mpaka sokoni. Mahari ya dini ni kitu kingine, hiyo haina kelele. Kelele iko kwenye panai, pesa ambayo mwanamume anatoa ili harusi iwepo, na ambayo mtaa mzima utaijua kabla wali haujaiva.

Ambo Tuwo, baba wa msichana, alikohoa. Alikuwa karani wa kata kabla ya kustaafu, na mbele ya wageni wenye kofia nzuri bado alikaa kama karani, magoti yamebanwa.

"Amesoma miaka minne, Puang. Makassar. Mashine za kugandisha. Sasa ni fundi wa zamu kwenye kiwanda cha barafu, bandarini Bajoe."

"Makassar chuo kikuu?"

"Chuo cha ufundi."

"Ahaa," alisema Puang Mappiasse, akawageukia wenzake watatu aliokuja nao. "Diploma, basi."

"Diploma ya nne!" alidakia Hajati Sohora. Huyu ni dada mkubwa wa Ambo Tuwo, ana nyumba ya ghorofa mtaa wa pili na bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, na kwenye ukoo ule hakuna posa inayojibiwa bila yeye kukaa zuliani na wanaume. "Usituchanganyie, Puang. Diploma ya nne ni shahada. Shahada ya ufundi. Kwa sheria iko ngazi moja na hiyo ya chuo kikuu."

"Hajati, sheria iko Jakarta. Sisi tuko Bone."

Wanaume wakacheka. Hata Ambo Tuwo alicheka, Mungu amsamehe.

Nyuma ya pazia, jikoni, mwenye kisomo chake alikuwa amechuchumaa akipanga vikombe. Jina lake Hasnidar, tunamwita Nidar. Kimila hatakiwi kuonekana siku kama hiyo, kwa hiyo alitakiwa kusikia tu. Pembeni yake mama yake, Ruhani, alikuwa anapanga barongko kwenye sahani bila kuinua macho. Ruhani ndiye aliyezipika, alfajiri, kama anavyopika kila siku za kuuza.

"Kwa Irma wangu walitoa rupia milioni themanini mwaka jana," Hajati Sohora aliendelea. "Na huyu ni damu ileile. Themanini."

"Irma ana shahada ya uchumi. Ya chuo kikuu. Nilihudhuria, nilikula, nakumbuka." Puang Mappiasse alifuta vidole. "Hebu tukione hicho cheti."

Cheti kikaletwa. Ambo Tuwo mwenyewe alikitoa kabatini, akakipeleka kwa mikono miwili. Kikazungushwa pale zuliani kama kitambaa kinachouzwa, huyu anakipapasa, yule anakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mmoja alikuwa hajanawa, akaacha alama ya mafuta ya ndizi pembeni. Puang Mappiasse alivaa miwani akasoma kwa sauti ya darasani, alipofika kwenye neno "ufundi" akasimama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mimi nimefundisha maisha yangu yote," alisema. "Mtoto mwenye akili nilimpeleka chuo kikuu. Asiye na akili nilimwambia, nenda ufundi, angalau ule. Sasa hata akikaa huko miaka kumi, si anatoka fundi tu? Sisi tunamtaka binti yenu, hatuna neno na tabia yake. Lakini fundi ni fundi. Hamsini."

Jikoni Nidar alisimama. Mama yake alimshika upindo wa sarungi.

"Kaa."

"Umemsikia, Mama?"

"Nimemsikia. Kaa, chai itapoa."

Nidar alikuwa ameingia chuo kile kwa mtihani ambao wengi walishindwa, akasoma kwa ufadhili, mchana karakana usiku hesabu, na wale wa chuo kikuu jirani walikuwa wanampita wanakwenda ufukweni. Na huyo bwana harusi mtarajiwa, Asrul, mpwa wa Puang Mappiasse? Ana shahada ya utawala ya chuo kikuu, imewekewa fremu ya dhahabu sebuleni kwao. Mtihani wa kuingia serikalini ameufeli mara mbili. Anauza makava ya simu dukani kwa binamu yake. Lakini shahada ya mwanamume haipigwi bei, haizungushwi zuliani, wala haipakwi mafuta ya ndizi. Hakuna aliyeiulizia siku ile, na mimi sijawahi kusikia ikiulizwa.

---

Wageni walipoondoka, bila jibu, ndipo vita vikaanza.

"Hamsini!" Hajati Sohora alipiga kiganja chake. "Mtaa mzima unajua Irma alitolewa themanini. Nikienda msibani wataniuliza, eti wa Ambo Tuwo ni ngapi? Niseme hamsini? Kama binti wa duka la chumvi?"

"Tukatae basi, Shangazi," alisema Nidar.

"Ukatae, uolewe na nani? Una miaka ishirini na saba, mwanangu. Unanuka amonia."

Ambo Tuwo hakuwa amemwangalia binti yake tangu wageni watoke. Alikuwa anakirudisha cheti kwenye mfuko wake wa plastiki, akisugua pembeni kwa kidole. Ile alama ya mafuta ilikuwa haitoki.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia uende chuo kikuu."

"Kwa ada ya nani, Baba?"

"Ungesubiri. Ungerudia mtihani mwakani. Watu wanasubiri."

"Nilikuwa nimepata ufadhili! Miaka minne sikukuomba hata nauli. Wewe msikitini unawaambia watu 'mtoto yuko chuo', halafu unanyamaza hapohapo. Unadhani sikujua? Siku ya mahafali ulisema una homa."

"Nilikuwa na homa."

"Ulikuwa unanionea aibu!"

Ambo Tuwo aliinua mkono, akaushusha. Ruhani aliingia na ufagio, akaanza kufagia majani ya barongko katikati yao, kama hasikii. Ndivyo alivyokuwa siku zote, mwanamke wa kupita katikati ya maneno na ufagio.

Hajati Sohora akasogea, sauti ikashuka. Mpango alikuwa nao tayari, labda alikuja nao asubuhi. Kwamba wakubali hamsini kwa Puang Mappiasse, kimyakimya. Lakini siku ya kuleta pesa, kwenye hema, kwenye kipaza sauti, itangazwe themanini. Familia ngapi zinafanya hivyo? Nyingi tu, na nani anawafunga? Milioni thelathini zinazopungua zitapelekwa kwa Puang kabla ya siku, usiku, kwa mlango wa nyuma, na yeye atakuja nazo kwenye sinia pamoja na zake. Heshima yao imepona, heshima yetu imepona.

"Na thelathini zinatoka wapi?" aliuliza Nidar.

Wote walitazama chini, na hapo akaelewa.

Pesa anayo. Ni akiba yake ya mshahara wa kiwanda, na kila mtu nyumbani anajua ni ya nini. Ni amana ya hija ya Mama. Ukiiweka benki unapata namba ya foleni, na foleni ya kwetu ni ndefu kuliko umri wa watu wengi, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa ni mwezi uliokatwa kwenye Makka yako. Ilikuwa ndiyo kwanza imetimia. Nidar alikuwa amepanga kumpeleka Mama benki baada ya mwezi wa Ramadhani.

"Ni pesa inayozunguka tu," alisema Ambo Tuwo, akiongea na zulia. "Itatoka humu, itarudi humu."

"Itarudi kwenye ng'ombe na hema na mpiga kinanda! Baba, unataka nijinunue? Nitoe pesa yangu ili nitangazwe kwamba nina thamani ambayo tayari ninayo?"

"Usiniletee maneno ya karakana!"

"Ni ya karakana, ndiyo! Ndiko nilikosoma!"

Ruhani alimaliza kufagia, akatoka na takataka zake.

---

Kesho yake, baada ya zamu, Nidar alikutana na Asrul kwenye kibanda cha ndizi za kukaanga karibu na bandari. Alikuja na viatu vya mpira na nywele zimelowa mvuke. Asrul alikuwa ameshaagiza, na ameshamwekea pilipili upande wake jinsi anavyoipenda. Ni kijana mpole. Hilo sitamnyang'anya.

"Ulijua watasema hamsini?" aliuliza Nidar.

"Mambo ya wazee hayo. Sisi tunapendana, si basi?"

"Asrul, mjomba wako amesema nilikwenda ufundi kwa sababu sina akili."

"Anasemaga hivyo kwa kila mtu." Alichovya ndizi. "Halafu, usinielewe vibaya, kuna njia. Kuna chuo kinafundisha Jumamosi na Jumapili. Unalipa, mwaka mmoja unageuza ile yako inakuwa shahada kamili. Na kwenye kadi ya mwaliko si lazima tusubiri. Tunaandika tu shahada. Nani atakuja kukagua?"

Nidar alimtazama mpaka akaacha kutafuna.

"Shahada kamili. Yangu ni nusu?"

"Sijasema nusu."

"Wewe ulisomea nini?"

"Si unajua. Utawala."

"Unatawala nini?"

Mama muuza ndizi alijifanya kugeuza sufuria, mabega yanamcheza kwa kicheko. Asrul aliwaka masikio.

"Usinidharau, Nidar. Hata wewe kiwandani wanakulipa daraja la diploma. Mimi nikiingia serikalini naanza juu yako siku ya kwanza. Sikutunga mimi, ndivyo dunia ilivyo."

Kweli. Na kama angekuwa mkali kidogo Nidar angeondoka hapohapo, angepunguza machozi yaliyokuja. Lakini alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, halafu akaushika mkono wake wenye makovu ya mabomba ya baridi akaupapasa. Na Nidar alikuwa anampenda, jamani. Mtu hapendi kwa kupima cheti.

"Sikuombi pesa," alisema Nidar. "Nakuomba neno moja. Kamwambie mjomba wako, mbele ya watu, kwamba kisomo changu ni sawa na chako. Hamsini, ishirini, hata bure, sijali. Aseme hamsini kwa sababu hamna pesa, siyo kwa sababu sina akili. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Nidar. Kula ndizi."

---

Wiki mbili zilipita. Hajati Sohora alikuwa anakuja kila siku, kama mdai. Ambo Tuwo aliacha kula mchana. Alikaa kibarazani na shati la heshima, akiwasalimu wapita njia, na kila aliyesimama alimwuliza siku imepangwa lini, na bei imesimama wapi. "Bado tunaongea," aliwajibu, na akiingia ndani alimfokea mke wake kuhusu chumvi.

Ruhani ndiye aliyemaliza. Alimkuta binti yake jikoni, akaketi juu ya kibao cha kukunia nazi.

"Toa pesa, mwanangu."

"Mama!"

"Baba yako hatalala mpaka azikwe. Namjua. Toa." Alikuwa anakuna nazi huku anasema, hakusimamisha mkono. "Mimi nitakwenda baadaye. Makka haihami."

Nidar alilia siku hiyo kwa hasira mpaka akapiga ngumi ndoo ya maji. Asubuhi alikwenda benki. Jioni vibunda vitatu vya milioni kumikumi vilikuwa mezani nyumbani kwao, mbele ya Hajati Sohora, ambaye alizichana zile karatasi za benki zilizozifunga, akazitupa jikoni kwenye moto.

"Benki yenu na yao si moja," alieleza. "Watu wana macho. Ruhani, tafuta kitu uzifunge."

Ruhani alitazama huku na huku. Ukutani ilikuwa inaning'inia kamba yake nyekundu ya plastiki, ile anayofungia burasa, wali wa nazi unaopikwa kwenye majani. Akakata, akafunga. Alizifunga kama anavyofunga burasa, mara mbili kwa upana, mara moja kwa urefu, na fundo pembeni. Mikono yake haijui kufunga namna nyingine. Usiku uleule pesa zikapita mlango wa nyuma wa Puang Mappiasse.

---

Siku ya kuleta pesa hema lilijaza uwanja na nusu ya barabara. Walikuja watu wa msikitini, wa kata, wa kiwanda cha barafu, na wale wanawake wote wa sokoni. Upande wa mwanamume ulishuka kwenye magari na masinia yaliyofunikwa vitambaa vya kumetameta. Asrul alibaki garini, kimila hatakiwi kuingia. Nidar alifungiwa chumbani na unga wa urembo usoni, na kipaza sauti kilikuwa kimewekwa upande wa dirisha lake, akawa anasikia mpaka pumzi za msemaji.

Puang Mappiasse alianza kwa dua, kwa shairi la kuusifu ukoo wake, kwa dua tena. Halafu akafunua sinia.

"Milioni themanini!"

Hema likavuma. Hajati Sohora alijipepea, bangili zikalia. Ambo Tuwo alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu posa. Kama mzee yule angeishia pale, harusi ingekuwepo, na leo wangekuwa na watoto. Lakini mpe mwalimu mkuu mstaafu kipaza sauti uone.

"Na ningependa vijana mjifunze," aliendelea. "Binti huyu, sote tunajua, hana shahada. Ni diploma ya ufundi. Bei yake ni hamsini, na baba yake ni shahidi. Lakini sisi tumesema hapana! Kwa ukarimu wa ukoo wetu tumempandisha. Tumemlipa kama msomi. Tunaomba akiingia kwetu asilisahau hilo."

Watu walipiga makofi. Wengine walimgeukia Ambo Tuwo, wakaona amepewa kipaza sauti ajibu.

"Tunashukuru, Puang," alisema Ambo Tuwo. "Tunashukuru sana kwa ukarimu."

Chumbani Nidar aliuma kitambaa. Pesa yake. Jasho lake la miaka mitatu ya zamu, kwenye sinia la watu wengine, wakishukuriwa kwa kumpandisha!

Wakati huo Ruhani alikuwa ametoka jikoni na beseni la burasa. Alisikia yote. Aliliweka beseni chini, taratibu, akafuta mikono kwenye sarungi, akapita katikati ya wanawake, akapita katikati ya wanaume, viatu hana, mpaka kwenye sinia. Watu walidhani anakwenda kushukuru.

Aliinama akachukua kibunda kimoja. Akachukua cha pili.

"Ruhani!" alifoka Hajati Sohora. "Rudi jikoni!"

"Jikoni nimetoka. Burasa zimeiva." Akachukua cha tatu, akavikumbatia vyote kifuani. Halafu alimgeukia Puang Mappiasse, na kwa kuwa alikuwa karibu na kipaza sauti, sauti yake ndogo ilifika barabarani. "Umesema mmempandisha mwanangu. Kwa pesa ya nani?"

"Mama, unasema nini? Kaeni na huyu mama, joto limempata."

"Zenu hizo zina karatasi ya benki. Hizi zimefungwa na nani?" Aliinua kimoja juu. "Nyinyi mnaonunua kwangu kila siku, hamjui hii kamba?"

Halafu mwanamke mmoja wa sokoni, muuza samaki mkavu mwenye mdomo usio na breki, alipasuka.

"Mtume! Pesa imefungwa kama burasa! Hilo fundo la Ruhani!"

Na wanawake wote wakaliona, na hakuna aliyeweza kuwafanya wasilione. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Puang Mappiasse alitafuta neno, yeye mwenye maneno, akapata "fitina" tu, akairudia mara kadhaa.

"Rudisha, Ruhani," alisema Ambo Tuwo. Alikuwa amesimama, midomo myeupe. "Rudisha, nasema. Unaniua mbele ya watu."

"Sirudishi."

"Ruhani!"

"Miaka minne ulimficha mtoto kama mwizi. Leo anasimangwa kwa pesa yake, na wewe unasema asante. Asante ya nini, Ambo? Hamsini zao hizo hapo, wangesema hamsini tungekula hamsini na harusi ingenoga. Lakini wamnunue mwanangu kwa Makka yangu, halafu watuambie tusisahau? Hapana. Hapana kabisa!"

Alikuwa analia, lakini alikuwa analia kwa kelele, kama mtu anayegombana na mvua. Alitia vibunda ndani ya sarungi yake, akakaza kiunoni, akarudi jikoni.

Asrul alitumwa. Simu ilimwita kutoka garini, akazunguka nyumba, akamkuta Nidar mlango wa nyuma, unga wa usoni umepasuka kwa machozi.

"Mwambie mama yako arudishe," alisema. "Bado tunaweza kuokoa. Mjomba atasema ilikuwa utani."

"Ulimwambia?"

"Nini?"

"Neno moja nililokuomba."

Asrul alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Haukupatikana wakati mzuri. Nidar, mimi bado nakutaka. Wallahi nakutaka."

"Basi nenda ukanitake kule mbele. Kwenye kipaza sauti. Kiko wazi, hakuna anayekitumia."

Asrul aligeuka akaliangalia hema. Sauti ya mjomba wake ilisikika, inakusanya masinia. Alisimama kwa muda ambao mtu angeweza kufika na kurudi. Halafu akasema, "Unanionea," akazunguka nyumba kwa njia aliyojia, na mlango wa gari ukasikika ukifungwa.

Watu walikula kwanza, maana chakula kilikuwa kimeiva, halafu wakaondoka kwenda kusimulia.

---

Ambo Tuwo alihamia kwa dada yake. Hakusema ameacha, alisema anakwenda kusaidia kupaka rangi. Hajati Sohora alituma ujumbe kwamba sasa wamtafutie mwali wao mume kwenye mabomba ya kiwanda. Nidar aliusoma, akaufuta, akaenda zamu. Kiwandani wenzake walimpokea kwa kumwita "Hamsini", mpaka siku moja alimtupia mmoja wao spana miguuni, wakaacha. Daraja lake la mshahara liko palepale. Ameandika barua ofisini mara mbili kuuliza kwa nini, na mara mbili wamemjibu wanashughulikia.

Jumatatu moja, akiwa bado na viatu vya mpira, alimpeleka mama yake benki. Kulikuwa na foleni, na ndani ya foleni wamo waliokuwepo kwenye hema, wakajifanya kusoma matangazo ukutani. Kijana wa dirishani alivuta karatasi zake.

"Anayeweka pesa ni nani?"

"Mimi," alisema Nidar. "Ya mama yangu."

"Kazi?"

"Fundi wa mashine za barafu."

"Elimu, Dada? Niandike diploma?"

Nidar alifungua mdomo, lakini Ruhani alikuwa ameshaegemea kaunta.

"Chuo cha ufundi," alisema Ruhani, kwa ile sauti aliyoipata kwenye hema, na waliokuwa wanasoma matangazo wakaacha. "Miaka minne. Shahada. Andika hivyohivyo, nakuangalia."

Kijana aliandika. Halafu alipiga namba kwenye kompyuta, akatazama skrini, akamtazama Ruhani, mvi zake na mgongo wake, akapunguza sauti.

"Mama, foleni ya wilaya yetu sasa imepita miaka thelathini. Kwa umri wako... labda mngemwandikisha binti?"

Nidar alishika ukingo wa kaunta. Mama yake alikuwa na miaka hamsini na tisa.

"Andika jina langu," alisema Ruhani. "Makka haihami."

Akatoa vibunda vitatu kiunoni, akavipanga mbele ya kijana, akaanza kufungua kamba ya kwanza.